Vidonge vya Hesabu

Huku Ntimaru, Kuria Mashariki, mvulana wa miaka tisa huweza kuongoza ng'ombe wa plau asubuhi nzima na mstari usipinde. Jumatatu mvulana huyohuyo yuko darasani. Penseli inadondoka, anainama kuiokota, huko chini anakuta siafu, anawafuata kwa macho hadi mlangoni. Hesabu ya pili hajaigusa. Mwalimu anamwita mtundu; nyumbani wanasema hana masikio.

Watoto wa namna hii wamewasumbua matabibu kwa muda mrefu. Mwaka 1798 daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu wasioweza kushikilia jambo moja akilini, akasema wengine huzaliwa hivyo. Machi 1902 George Still, daktari wa watoto, aliwahutubia matabibu wenzake jijini London juu ya watoto wenye akili nzuri lakini wasioweza kujizuia. Aliona sawasawa, ila akaiita kasoro ya maadili. Jina hilo liliumiza, maana mgonjwa alifanywa mkosaji.

Ufumbuzi ulikuja kwa njia ya maumivu ya kichwa. Huko Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley aliwapiga watoto picha za ubongo kwa njia iliyohitaji kwanza kunyonya maji ya uti wa mgongo, na vichwa viliwauma vibaya. Akawapa Benzedrine, dawa ya kuchangamsha, akitumaini itawatuliza maumivu. Vichwa havikupona sana, lakini walimu wakaanza kushangaa: watoto waliokuwa hawatulii wanaketi, wanamaliza kazi. Katika taarifa yake ya 1937, kati ya watoto 30, 14 walibadilika mno kimasomo. Watoto wenyewe waliipa dawa hiyo jina: vidonge vya hesabu. Dawa ya kuchangamsha iliamsha ile sehemu ya ubongo inayoshika breki.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliutaja rasmi upungufu wa umakini. Hapo akaonekana pia mtoto aliyetulia tuli huku mawazo yakitangatanga, mara nyingi msichana, ambaye hakuna aliyewahi kumshtaki kwa utundu.

Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum mwaka 1984. Mwaka 2001 kiboko kikapigwa marufuku shuleni. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi 7.2. Ilikuwa neema kubwa, nami naitetea hadi leo. Lakini katika darasa lililofurika, msichana yule mtulivu huzama bila kelele.

Na yule wa plau? Ng'ombe wanatembea, naye akikosea wanapinda papo hapo. Kazi ya namna hiyo humshika, daftari halimjibu. Kwa hiyo ustadi wa shambani hauthibitishi kwamba hana tatizo. Wala siafu hawathibitishi kwamba analo: mpimaji huuliza kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi sita, kama zipo nyumbani na shuleni, na kama mtoto anasikia vizuri, analala vya kutosha, au aliwahi kuugua malaria iliyompanda kichwani.

Majibu yakisubiriwa, mwalimu anaweza kumketisha dawati la mbele, akampa hesabu tatu badala ya kumi, kisha akamtuma kukusanya madaftari ya wenzake kabla ya tatu nyingine. Penseli itadondoka tena. Ataiokota.