Andika nambari za dharura kabla ya maafa kutokea

BOMU lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, zaidi ya watu 200 waliangamia na maelfu wakajeruhiwa. Simu za mkononi zilikuwa za wachache wakati huo, na wengi waliwatafuta jamaa zao kwa kuzunguka hospitalini na hatimaye mochari.

Leo simu zimejaa, lakini ni wangapi wanaoikumbuka nambari ya mke, mume au mzazi bila kuichungulia? Simu ikizama majini au betri ikiisha, nambari zote hupotea nayo.

Kwa hivyo, ziandike kwenye karatasi, uifunge kwa plastiki, na kila mmoja nyumbani awe na nakala yake, hata mtoto wa shule. Ongeza 999 na 112 za polisi, pamoja na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Muhimu zaidi, chagueni jamaa mmoja aishiye mbali. Familia ya Budalang'i, kwa mfano, yaweza kumteua shangazi aliye Nakuru. Mto Nzoia ukivunja kingo na watu kutawanyika usiku, kila mmoja humjulisha shangazi aliko, naye akawaunganisha. Mtumieni ujumbe mfupi badala ya kumpigia: mitambo inapolemewa, ujumbe huhitaji nafasi ndogo na mara nyingi hupenya pale simu inapokataa.

Mtandao ukikatika kabisa, itafaa muwe mmekubaliana mapema mtakutana wapi, mahali palipoinuka ambapo hata nyanya anapajua.