Jina la Babu

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Lakini mtu ataijuaje asili yake, ikiwa wazee wake hawakuacha hata karatasi moja? Wakikuyu wa kale hawakuwa na vitabu. Hata hivyo waliweka kumbukumbu ya ukoo mahali ambapo mwizi hafiki wala mchwa hali: katika majina ya watoto wao.

Desturi yao ni hii. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Vivyo hivyo binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi, upande huu na upande huu kwa zamu. Mume akiwa na wake wengi, hesabu huanza upya katika kila nyumba.

Tazama mfano wa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Baba yake aliitwa Muigai, na mama yake Wambui. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1920, aliitwa Peter Muigai. Na binti wa nyumba hiyo hiyo akaitwa Margaret Wambui. Baadaye Kenyatta alimwoa Ngina, binti wa Chifu Muhoho na mkewe Nyokabi. Mabinti wa nyumba hiyo waliitwa Wambui na Nyokabi. Wana wakaitwa Uhuru Muigai, aliyezaliwa mwaka 1961 na kuwa Rais wa nne, na Muhoho. Basi hata mgeni asiyewajua wazee wale wanne angeyapata majina yao kwa kusikiliza watoto wakiitwa.

Elimu hii si mchezo. Mwaka 1932 ilipoundwa Tume ya Ardhi ya Kenya, wazee wa Kikuyu walikwenda mbele yake kueleza asili ya mbari zao, yaani koo zenye kumiliki ardhi. Asiyewajua babu zake angedai shamba kwa hoja gani?

Lakini njia hii ina mitego. Majina hurudi kwa zamu: Muigai humzaa Kamau, na Kamau humzaa Muigai. Mtafutaji mwenye haraka huweza kumdhania babu kuwa ndiye mjukuu. Tena mzaliwa wa kwanza akifa mchanga na kusahauliwa, wa pili huonekana kuwa wa kwanza, na hesabu yote hupotoka. Ndiyo sababu yafaa kuuliza pia rika. Vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina moja la rika, mara nyingi kutokana na tukio la wakati ule. Rika la Mutung'u, kwa mfano, hukumbusha ndui ya miaka ya 1890. Jina la mtu hutaja jamaa zake. Jina la rika hutaja wakati wake.

Siku hizi familia nyingi hutumia jina moja la ukoo, lirithiwalo na wote. Jina hilo huweza kuificha njia. Kenyatta mwenyewe alikuwa Kamau, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, na jina la Kenyatta alijichagulia baadaye, kutokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Atakayelifuata jina hilo kurudi nyuma atakwama kwa mtu mmoja tu, kwani baba yake hakuitwa hivyo.

Basi, mwanafunzi, wazee wako wangali hai, chukua daftari ukawaulize: Nimepewa jina la nani? Naye alipewa la nani? Alikuwa wa rika gani? Andika wanayokujibu, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Kesho utakuwa na swali, na huenda mwenye jibu asiwepo.