Ziwa Halina Mwenyewe, Riwaya Inaye

Mei 2027 meli ya Liemba itatimiza miaka 100 tangu ianze kazi katika Ziwa Tanganyika kwa jina hilo. Kwenye mwambao wa Burundi, kutoka Rumonge kushuka Nyanza-Lac, wengi wataikumbuka kwa Mei 2015, ilipowabeba wakimbizi Warundi kutoka Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho jirani na mpaka, hadi Kigoma. Wasomaji wa mbali waliijua kwa njia nyingine: C. S. Forester aliichukua iwe mfano wa meli ya Kijerumani katika riwaya yake The African Queen ya 1935, iliyofanywa filamu 1951. Kijana wa Rumonge akitaka leo kuunda gemu la Vita vya Kwanza vya Dunia ziwani humo, yuko huru kwa sehemu kubwa. Kuzamishwa kwa meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann mnamo Februari 9, 1916, na Wajerumani kuizamisha wenyewe Graf von Goetzen, ndiyo Liemba ya leo, Julai mwaka huo, ni historia, nayo haina hatimiliki. Lakini akiwapakia chomboni Rose Sayer na Charlie Allnutt, wahusika wa Forester, ameingia katika mali ya mtu. Forester alifariki 1966. Kwa sheria ya Uingereza, inayolinda kazi miaka 70 baada ya kifo, ulinzi huo utakwisha mwishoni mwa 2036.

Hata hivyo, watunzi hupoteza zaidi kwa saini zao wenyewe kuliko kwa wizi. Andrzej Sapkowski wa Poland aliiuzia kampuni ya CD Projekt haki za kutengeneza magemu kutokana na vitabu vyake vya The Witcher. Kampuni ilikuwa tayari kumpa asilimia ya mapato. Yeye, kwa kutoamini kwamba kitu hicho kingeuzika, akataka fedha zote kwa mkupuo. Gemu la kwanza likatoka 2007, la tatu, la 2015, likauzwa kwa mamilioni ya nakala. Oktoba 2018 mawakili wake wakadai zloti milioni 60, na kampuni ikaiweka barua yao hadharani. Desemba 2019 pande mbili zikatia saini mkataba mpya.

Wapo wanaosema mzee alivuna alichopanda: kampuni ndiyo iliyobeba hatari, na bei ikishakubaliwa imekubaliwa. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba sheria ya Poland, kifungu cha 44, inamruhusu mtunzi kuomba mahakama imwongezee malipo pale ujira wake unapopishana mno na faida ya mnunuzi. Bunge lililotunga kifungu hicho lilijua kwamba siku ya kusaini hakuna anayeijua thamani ya hadithi. Anayeuza mavuno ya michikichi ya msimu mmoja hajauza shamba.

Burundi ina sheria yake ya hakimiliki ya Desemba 2005, na ina hadithi zinazosafiri: Petit Pays ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, ilitoka 2016, ikawa filamu 2020 na kitabu cha katuni 2024. Kila umbo jipya lina idhini yake. Mtunzi wa mwambao anayeletewa mkataba leo adai mistari miwili: haki yoyote isiyotajwa humu inabaki kwa mtunzi, na haki ya gemu inamrudia iwapo miaka mitano itapita bila gemu kutoka.