Alex Waibel na kompyuta inayotafsiri maongezi

Leo nawaletea mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia, ingawa ukiiambia simu neno kwa Kiswahili ikakutolea Kiingereza, njia hiyo yeye ni mmoja wa walioichonga. Anaitwa Alex Waibel. Amezaliwa Ujerumani mwaka 1956, na kwa miaka mingi amegawana kati ya vyuo vikuu viwili, Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, na Karlsruhe huko kwao.

Kilichonifanya nimtafute ni aibu. Kazi yangu ni kupokea wageni. Siku moja nilimwambia mgeni wa Kijerumani, kwa kupitia programu ya kutafsiri kwenye simu, kwamba nitamfuata saa mbili asubuhi. Programu ikamwambia saa 2 ya kwao, alfajiri. Mzee wa watu akakaa mlangoni na begi lake tangu saa nane ya usiku! Bosi alinikata posho ya siku mbili. Nikasema ngoja, hawa wanaotengeneza hizi mashine wanaelewa maongezi au wanabadilisha maneno tu? Nikaanza kusoma makala zake.

Ya kwanza kumpa jina ni ya mwaka 1989, aliyoandika na wenzake wanne baada ya kufanya kazi Japani kwenye taasisi ya ATR. Mmoja wa hao wenzake ni Geoffrey Hinton, yule aliyekuja kupata Nobel ya fizikia mwaka 2024. Walichofanya kinaonekana kidogo: kuifundisha kompyuta itofautishe sauti tatu tu, b, d na g, katika maneno ya Kijapani. Lakini hakuna aliyeiandikia sheria. Ilisikilizishwa mifano mpaka ikajitambulia yenyewe, na haikujali kama sauti imekuja mapema kidogo au imechelewa. Ilipata asilimia 98.5, wakati njia iliyokuwa ikitumiwa na wengi ilipata 93.7 kwenye jaribio hilohilo. Mtandao wa neva huo, jamani, miaka mingi kabla watu hawajaanza kuupigia kelele.

Mwaka 1991 akatoa makala ya JANUS, jina la mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili. Mtu anaongea Kiingereza, mashine inatoa Kijapani au Kijerumani kwa sauti. Ila usidhani ungeweza kuiambia lolote. Ilijua maneno mia chache, na mada ilikuwa moja tu: mtu anapiga simu kujiandikisha kwenye mkutano. Ukiiuliza bei ya nyanya, imekwama. Januari 1993 kundi la C-STAR, ambalo Waibel ni mmoja wa waanzilishi wake, likaunganisha Japani, Marekani na Ujerumani kwa simu, watu wakaongea kila mmoja kwa lugha yake. Magazeti yaliandika sana.

Makala niliyoipenda mimi ni ya mwaka 1996, kuhusu JANUS ya pili. Hapo ndipo walipokubali kwamba mtu akiongea hasomi karatasi. Anasema "aa... yaani... Jumanne, hapana, samahani, Jumatano". Basi kwenye kikundi chao kichanganuzi cha sentensi kikatengenezwa ili kiweze kuruka maneno kisiyoyaelewa na kushika yaliyobaki. Na badala ya kutafsiri neno kwa neno, mashine ilitoa kwanza maana: huyu anapendekeza, anachopendekeza ni miadi, siku ni fulani, saa ni fulani. Maana hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye lugha nyingine. Mada yao ilikuwa ni ipi? Kupanga miadi! Nilicheka mwenyewe. Hata mradi mkubwa wa serikali ya Ujerumani, Verbmobil, ulioanza 1993 ukaisha 2000 chini ya Wolfgang Wahlster, ulianzia kwenye miadi, na watu wa Karlsruhe walikuwemo.

Kwa mpango ule, saa yangu mbili ingeweza kupona. Ingetosha mtu mmoja aandike kwamba kwa Waswahili saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Tatizo, kila mada mpya ilitaka watu wakae waandike upya sheria zake, na kazi hiyo haiishi. Ndiyo maana njia ya kujifunza kutoka kwenye jozi za sentensi zilizokwisha kutafsiriwa ikashinda. Mwaka 2009 kampuni ya Waibel ikatoa Jibbigo, iliyotafsiri maongezi ndani ya iPhone bila intaneti. Facebook waliinunua kampuni hiyo 2013.

Ila jozi hizo lazima ziwepo, na hapo sisi tulikuwa nyuma. C-STAR walianzisha mwaka 2004 kongamano la kila mwaka la kushindanisha mashine za kutafsiri maongezi, IWSLT. Walianza na Kichina na Kijapani kwenda Kiingereza, kwa sentensi za wasafiri. Kiswahili kikaingia 2021, tena viwili: cha pwani kwenda Kiingereza, na cha Kongo kwenda Kifaransa, kwenye fungu la lugha zenye data kidogo. Miaka 17 baadaye. Sijui niseme afadhali au nisikitike, lakini angalau walitambua kwamba wa Bukavu na wa Tanga hawaongei sawasawa.

Juzi niliijaribu tena programu ileile. Nikaiambia "saa mbili asubuhi" ikanipa saa 8, safi kabisa. Nikaiambia "njoo saa mbili, asubuhi nitakuwa nimeamka". Ikarudi palepale kwenye 2. Kwa hiyo mgeni akija siku hizi namwandikia 08:00 kwenye karatasi, namchorea na jua pembeni.