Nguo ya Kuazima: Watford na Crewe, 2013

Kiswahili kina maneno mawili yaliyogawana kazi vizuri: kukopa na kuazima. Unakopa sukari dukani kwa Mangi, unaila, inaisha, unarudisha pesa. Unaazima jembe kwa jirani, ukimaliza unarudisha jembe lilelile, pengine makali yamepungua kidogo. Kwa mantiki hiyo, mchezaji anayetoka klabu moja kwenda nyingine kwa msimu mmoja ameazimwa, hajakopwa. Lakini magazeti yetu ya michezo yalishaamua zamani kwamba ni "kwa mkopo", na hakuna mwanaisimu atakayeyabadilisha. Mbwana Samatta alikwenda Fenerbahçe kwa mkopo akitokea Aston Villa, Fenerbahçe nao wakamtoa kwa mkopo Antwerp, kisha mwaka 2022 wakamrudisha Genk, klabu iliyomfanya ajulikane Ulaya, na huko pia kwa mkopo. Tukazoea.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno haya kwa sababu ya msimu mmoja wa soka la Uingereza, 2012/13, na klabu mbili ambazo hazikuwa Ligi Kuu. Moja iliishi kwa kuazima. Nyingine iliishi kwa kulea. Ndani ya wiki chache za majira ya kuchipua, zote mbili zilifika kwenye kilele cha kile zilichokuwa zikikiamini, na mashabiki wa Kiingereza wakaanza kubishana juu ya swali ambalo hata huku kwetu tunalijua: klabu ya mji mdogo ni ya nani hasa?

Tuanze na Crewe. Mji wenyewe ukitaka kuuelewa haraka, fikiria Tabora. Ni mji wa njia panda ya reli, watu wanashuka treni moja na kupanda nyingine, na kwa zaidi ya karne moja karakana zake zilitengeneza vichwa vya treni. Klabu yao, Crewe Alexandra, jina lake la utani ni Wafanyakazi wa Reli. Mwaka 1983 ilimwajiri kocha aliyezaliwa Milan, Dario Gradi, wakati ikiwa daraja la nne, chini kabisa. Gradi alikaa kwenye kiti hicho mpaka 2007. Hesabu mwenyewe makocha wangapi klabu moja ya Dar inaweza kuwafukuza katika miaka 24.

Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Hatuna pesa, basi tutafundisha. Mwanzoni alichukua vijana walioachwa na wakubwa: David Platt aliachwa na Manchester United, akafundishwa upya Crewe, akauzwa Aston Villa, akaishia nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza. Baadaye wakaanza kuwatoa wa kwao wenyewe. Danny Murphy alikulia pale, akauzwa Liverpool mwaka 1997. Dean Ashton alikulia pale, akauzwa Norwich Januari 2005 kwa pauni milioni 3. Kwa pesa za namna hiyo klabu ya mji wa reli ilifika daraja la pili mwaka 1997 na kucheza huko misimu kadhaa dhidi ya klabu zenye viwanja vikubwa mara tatu ya chake.

Lakini angalia bei ya mfumo huo. Kila unapofaulu kulea, unauza. Ashton alipoondoka katikati ya msimu wa 2004/05, timu iliporomoka na kuponea chupuchupu siku ya mwisho. Mwaka uliofuata ikashuka. Na Murphy? Liverpool hawakumpa nafasi mapema, basi mwaka 1999 akarudi Crewe kuwasaidia wasishuke daraja. Alirudi kwa mkopo. Yaani mama aliyemzaa mtoto anamuazima kwa jirani ili amsaidie kuvuna. Hapo ndipo ninapoona kwamba "wa mkopo" na "wa nyumbani" si makabila mawili. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili katika jezi ileile.

Sasa njoo 2013. Tarehe 7 Aprili, Crewe walicheza fainali ya kombe la madaraja ya chini Wembley na kuwafunga Southend 2-0. Wafungaji, Luke Murphy na Max Clayton, wote zao la timu ya vijana. Tarehe 27 Aprili, siku ya mwisho ya ligi daraja la tatu, nyumbani dhidi ya Walsall, wakafanya jambo ambalo lilikuwa ndoto ya klabu kwa miaka mingi: wachezaji wote kumi na mmoja walioanza walikuwa wamelelewa na klabu. Wote. Mathias Pogba, kaka yake Paul, ambaye alikuwa mmoja wa washambuliaji wao msimu ule, hakuwemo kati ya hao kumi na mmoja kwa sababu hiyo. Wakashinda 2-0. Mechi haikuwa na uzito wowote kwenye msimamo, na labda ndiyo maana iliwezekana. Kiangazi kilichofuata Luke Murphy akauzwa Leeds.

Watford ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Klabu hii ipo pembezoni mwa London, na wazee wa soka wanaikumbuka kwa Elton John, mwanamuziki aliyekuwa mwenyekiti wake, na kocha Graham Taylor, aliyeipandisha kutoka daraja la nne mwaka 1977 hadi nafasi ya pili ya ligi kuu mwaka 1983. Enzi hiyo mfungaji wao mkubwa alikuwa Luther Blissett, mzaliwa wa Jamaica aliyepitia timu yao ya vijana. Kwa hiyo Watford nao walikuwa na fahari ya kulea.

Mwaka 2012 klabu ilinunuliwa na familia ya Pozzo ya Italia, ambayo tayari ilikuwa na Udinese kule kwao na Granada kule Hispania. Kocha Sean Dyche, aliyemaliza nafasi ya 11 msimu uliotangulia, akaondolewa, akaja Gianfranco Zola. Halafu wakaanza kushuka kwenye ndege: zaidi ya wachezaji kumi kutoka Udinese na Granada, karibu wote kwa mkopo. Matěj Vydra wa Jamhuri ya Czech, Almen Abdi wa Uswisi, Ikechi Anya, Fernando Forestieri, Joel Ekstrand. Kutoka Chelsea akaazimwa kijana Nathaniel Chalobah.

Iliwezekanaje? Kanuni za ligi ziliweka kikomo cha wachezaji watano wa mkopo katika kikosi cha mechi. Lakini kikomo hicho kilihusu mikopo ya ndani ya nchi. Mchezaji wa mkopo kutoka nje alihesabiwa kama usajili wa kawaida, basi unaweza kupanga timu nzima. Hakuna sheria iliyovunjwa. Klabu nyingine zikalalamika, makocha wakanung'unika kwenye televisheni, na ukisoma kati ya mistari unaona chuki mbili zikitembea pamoja: moja ya haki, dhidi ya tajiri anayehamisha watu kama mizigo kati ya maghala yake matatu, na nyingine isiyo nzuri, dhidi ya wageni kwa kuwa ni wageni tu. Nadhani watu wengi walijificha nyuma ya ile ya kwanza.

Maana mpira wenyewe ulikuwa mtamu, jamani. Vydra alifunga mabao 20 ya ligi na kuchaguliwa mchezaji bora wa Championship. Watu wa Vicarage Road walikuwa wakilipa kiingilio kutazama pasi ambazo hawakuwa wameziona tangu utotoni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako (wenye staha husema maungo). Lakini hawakusema kwamba haipendezi.

Siku ambayo methali ilitimia ni tarehe 4 Mei, na ilitimia kinyume. Watford walikuwa nyumbani dhidi ya Leeds, na ushindi ungewapandisha moja kwa moja Ligi Kuu, kwa sababu Hull walikuwa wametoka sare na Cardiff. Kipa Almunia akaumia kabla ya mechi. Kipa wa pili, Jonathan Bond, akatolewa kwa machela. Akaingia Jack Bonham, miaka 19, aliyelelewa na timu ya vijana, mechi yake ya kwanza ya ligi. Dakika za lala salama Ross McCormack akapiga mpira wa kubetua, ukamshinda kijana, 2-1 kwa Leeds. Wachezaji wote wale wa Udine na Granada uwanjani, na aliyebaki na mzigo wa msimu mzima mabegani alikuwa mtoto wa nyumbani.

Wanaopenda kauli kama "vijana wetu watatuokoa" sijui huwa wanaifanyaje siku hii. Kumlea mchezaji kunamaanisha pia kumpa mahali pa kukosea, na klabu inayotafuta kupanda kwa miezi tisa haina mahali hapo. Ndiyo hasara halisi ya kuazima, zaidi ya rangi ya pasipoti: anayekaa benchi msimu mzima ni yule ambaye siku moja utamhitaji ghafla.

Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, ikaja ile nusu fainali ya mchujo dhidi ya Leicester ambayo hata asiyejua Watford iko wapi ameiona kwenye simu yake. Leicester wamepata penalti dakika za nyongeza, wakifunga wamekwenda Wembley. Almunia anaokoa, mpira unamrudia Knockaert, anaokoa tena. Anya anaukimbiza mpira upande wa pili, Forestieri anapiga krosi, Jonathan Hogg anaushusha kwa kichwa, Troy Deeney anaupasua wavuni. Nimeitazama mara nyingi nikijaribu kuisoma kama mtu anavyosoma shairi, mshororo kwa mshororo: nani katoka wapi? Kipa aliachwa na Arsenal. Anya na Forestieri walikuja kupitia maghala ya Pozzo. Hogg alinunuliwa kutoka Aston Villa. Deeney kutoka Walsall, hiyohiyo iliyofungwa na vijana wa Crewe wiki mbili kabla. Katika mnyororo ule hakuna hata mmoja aliyelelewa Watford, na mji mzima ulimwagika uwanjani ukilia.

Fainali ilichezwa Wembley tarehe 27 Mei dhidi ya Crystal Palace. Katika muda wa ziada Wilfried Zaha alimzunguka Cassetti, akaangushwa, penalti, Kevin Phillips akafunga. 1-0. Phillips alianzia maisha yake ya ligi Watford. Na Zaha? Huyo ni mtoto wa Palace tangu utotoni, lakini Januari ile alikuwa ameshauzwa Manchester United, na United wakamwacha amalizie msimu kwao. Kwa hiyo Watford, timu ya mikopo, iliangushwa na mtoto wa nyumbani aliyekuwa akicheza nyumbani kwao kwa mkopo. Ningeliandika hilo kwenye hadithi fupi, mhariri angelikata.

Mwezi Juni klabu za ligi zikakutana na kuziba ule mwanya: mchezaji wa mkopo kutoka nje ahesabiwe sawa na wa ndani. Wengi walishangilia kwamba sasa vijana watapata nafasi. Mimi nina mashaka, kwa sababu klabu hizohizo, Oktoba 2011, zilipiga kura kukubali mpango mpya wa akademi uliosukumwa na Ligi Kuu, ambao uliweka bei maalumu, na ndogo, za kuwachukua watoto kutoka klabu ndogo. Kabla ya hapo mlikaa mezani mkabishana. Sasa unasoma jedwali. Brentford walifanya hesabu na mwaka 2016 wakaifunga akademi yao. Aliyezuia kuazima ndiye aliyefanya kulea kusiwe na faida. Hilo halikusemwa sana.

Na kuna jambo moja ambalo siwezi kuisifia Crewe bila kulitaja. Novemba 2016 Andy Woodward, aliyekuwa mchezaji wao, alijitokeza hadharani kueleza alivyonyanyaswa kingono akiwa mtoto na Barry Bennell, kocha wa vijana aliyefanya kazi pale kuanzia miaka ya 80. Wengine wakafuata, kutoka klabu mbalimbali. Februari 2018 Bennell alihukumiwa miaka 31, na uchunguzi uliotolewa 2021 ulisema viongozi wa Crewe walipaswa kufanya zaidi kuhakikisha usalama wa wale wavulana. Neno "kulea" kwetu ni zito, linahusu mwili na roho ya mtoto wa mtu. Tukilitumia kwa akademi ya mpira, kama mimi nilivyolitumia tangu mwanzo wa makala hii, basi tulibebe lote. Mzazi aliyempeleka mwanawe Crewe hakuwa anawekeza. Alikuwa anamkabidhi.

Watford wenyewe, baada ya kanuni kubadilika, walifanya jambo rahisi: Abdi na wenzake kadhaa wakasajiliwa moja kwa moja. Watu walewale, jezi ileile, karatasi nyingine. Mwaka 2015 wakapanda. Chalobah, yule wa Chelsea, alirejea 2017 kwa mkataba wa kudumu. Na Deeney, ambaye hakuzaliwa pale wala kulelewa pale, aliyetoka jela kwa kosa la ugomvi miezi michache tu kabla ya bao lile, alibaki mpaka 2021, miaka 11, mingi yake akiwa nahodha. Mashabiki wa Watford ukiwauliza mchezaji gani alikuwa wao kabisa, wengi watakutajia huyo kabla hujamaliza swali.