Uamsho Unapimwa kwa Nini?



Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kanisa liliwatangaza Wenyeheri wamisionari watatu Wasaveriani pamoja na Padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964. Siku kama hiyo huamsha imani. Lakini historia ya jirani zetu, ng'ambo ya Ruzizi, inatufundisha kuupima uamsho.

Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga wa Rwanda, aliyekataa ubatizo, wakamtawaza mwanawe Rudahigwa. Machifu walimiminika kwenye ukatekumeni, na watu wao nyuma yao, hata wamisionari wakaufananisha wingi huo na tufani. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943; mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristu Mfalme. Hata hivyo, katika miaka ileile ya 1930, serikali ya kikoloni ilianza kuandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake, na shule za misheni zikapendelea wana wa machifu Watutsi. Makanisa yalijaa, ukuta ukabaki. Mwaka 1994 Watutsi waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Nyange waliuawa humohumo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo wabatizwa wenzao.

Miaka mitatu baadaye, huko Burundi, seminari ndogo ya Buta ilikuwa ikiishi katikati ya vita. Vijana wa makabila yote mawili walisali pamoja na kuzungumza waziwazi juu ya chuki iliyoizunguka nchi yao. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliwavamia, wakawaamuru watengane: Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Waseminari 40 waliuawa.

Hawakukana kabila lao. Kabila ni zawadi ya wazazi. Walichokataa ni kabila kuamua nani ni ndugu. Moyo huo haukuzaliwa alfajiri ile. Ulilelewa siku kwa siku, mezani na katika sala.

Sisi wa Kasenga tu Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge na wengineo. Katika mkutano ujao, kabla ya kuhesabu waliohudhuria, tujiulize: ni nani anayeogopa kuketi kati yetu kwa sababu ya kabila lake? Kisha twende tukamwalike, naye aketi pamoja nasi.