Sanamu ya Askari na Jina la Kariakoo

Katikati ya mji wa Dar es Salaam yasimama sanamu ya shaba ya askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita vya 1914–1918. Askari huyo ameelekeza bunduki yake yenye singe upande wa bandari. Maandishi yaliyo chini yake yawataja wapagazi pia. Lakini anayeonekana kwa macho ni mwenye bunduki peke yake.

Bunduki isiyo na risasi ni sawa na gongo, na risasi za vita vile zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi waliwapita askari kwa wingi, na maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Katika ukumbusho wa Nairobi mpagazi naye amechongwa. Dar es Salaam, lugha ndiyo iliyomhifadhi: Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi, ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, kwa matamshi ya Kiswahili.

Basi mwandishi wa historia asiyechungua majina ya mahali atawahesabu walioshika silaha, na kuwasahau waliozilisha.